Kondakta na Benchi la Mninga

Abiria akiinuka tu, Kondakta alipitisha kiganja juu ya kiti. Basi lilikuwa halijasimama vizuri, mtu anahangaika na mzigo wake mlangoni, naye tayari ameinama pale alipokaa yule mtu, anapapasa kuanzia ukingoni hadi kwenye egemeo. Kisha alikinusa kiganja chake. Alifanya hivyo mbele ya mwenye kiti, awe hakimu au mchuuzi wa samaki wa migebuka, na wote walipaswa kuvumilia. Mimi nilikuwa nikisafiri naye kati ya Tabora na Nzega kwa ajili ya chuo nilichokuwa nikisomesha Kurani huko, na kila niliposhuka nilijua mkono ule unanifuata nyuma.

Hata mtaani, ambako nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, tulimwita Kondakta. Yeye aliniita Maalim. Habari za ukoo wake wanazo wengine. Mimi ninazo za pua yake, za ulimi wake, na za benchi moja la mbao.

Pua ilikuwa kali mno kwa kazi aliyopewa. Vijana wa siku hizi wakisikia habari za miaka ile ya Uhuru hudhani mambo yote yalikuwa nyimbo na bendera. Basi letu lilikuwa linanuka. Asali ilivuja kutoka kwenye madebe, ikateremka sakafuni na kukamata vumbi mpaka viatu vikawa vinang'ang'ania. Wazee walitema ugoro pembeni ya miguu yao, wengine pembeni ya miguu ya wenzao. Matapishi ya watoto yalifunikwa kwa mchanga na safari ikaendelea, na mchanga ule ukazolewa jioni kama Kondakta alikuwa bado ana nguvu. Nilikuwa nakaa kanzu nimeikusanya mapajani, namshukuru Mungu kwa kila mti tuliopita, kwa kuwa ulikuwa mti mmoja pungufu kabla ya kushuka.

Yeye alijisaidia kwa karafuu. Aliiweka moja chini ya ulimi asubuhi, na ikiisha ladha aliitema dirishani na kuweka nyingine. Siku ambazo mdogo wake wa kike alikuwa ndani ya basi, aliweka mbili.

Huyu mdogo wake ndiye aliyekuwa jambo lake kubwa duniani, na ni vizuri nimseme mapema. Aliolewa Kigwa akiwa msichana. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mgumu, mtoto akafa tumboni, na tangu siku hiyo mkojo haukujizuia tena. Ulitoka amekaa, ukatoka amesimama, ukatoka amelala. Mumewe alimrudisha kwa kaka yake na sanduku lake la nguo. Kondakta alimpa chumba cha uani, na kwa huruma ile ile akampa kikombe chake peke yake kilichovunjika mkono, ili kisichanganyike na vikombe vya wengine. Upande wa Nzega kulikuwa na hospitali ya masista. Walimwambia ugonjwa ule unashoneka, lakini mshonaji ni daktari mgeni anayekuja kwa msimu, kwa hiyo aendelee kufika kila wanapomwita, atibiwe vidonda na asubiri zamu. Basi Kondakta alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake afike hospitali na kurudi bila mtu yeyote kumteremsha njiani.

Kuhusu ulimi wake, niliusikia hata kabla sijahamia karibu naye. Asubuhi moja mwanamke mmoja alipanda na jogoo, akamweka kitini.

"Mama, huyo bwana ana tiketi?"

"Huyu ni mgonjwa, Kondakta."

"Mgonjwa wa nini, naye ameshanipaka kiti kizima? Mshike mkia au mshuke wote wawili."

"Jogoo wangu ana adabu kuliko dereva wako. Huyu hajalewa."

Basi zima likacheka, na dereva naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kondakta akafuta kiti kwa gazeti huku akilaani kuku wote wa Unyamwezi, akamwambia yule mama akae, akamshikia jogoo mpaka akapata nafasi nzuri. Ndivyo alivyokuwa. Alimtukana mtu na wakati huo huo akampokea mzigo.

Siku nyingine jua lilikuwa kali na basi lilisimama muda mrefu kubadilisha gurudumu. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kona ya benchi la nyuma, juu ya kaniki iliyokunjwa, amejifunika ushungi mpaka machoni. Harufu ikaanza kwenda mbele. Bwana mmoja mwenye koti, ambaye nilikuwa namfahamu kwa kuwahi safu ya kwanza msikitini, akasimama na kuziba pua.

"Kondakta, nani kakojoa humu ndani?"

"Mimi," akasema Kondakta. "Una swali lingine?"

Watu walicheka mpaka wakapigana mabega. Tangu siku hiyo pale stendi wapiga debe walipomwona walimuuliza kama amebeba nguo ya kubadilisha. Aliyekuwa ananusa viti vya mahakimu akawa ndiye mwenye kukojoa. Ndani ya basi siku ile mimi nilimtazama yule bwana mwenye koti, ambaye alicheka kuliko wote, nikaona kinyaa ambacho jogoo na ugoro havikuwahi kunitia.

Sasa nieleze viti vyenyewe, maana vimebadilika mara nyingi na wengi wamesahau.

Kabla ya Uhuru basi letu lilikuwa mali ya tajiri mmoja, nalo lilikuwa na madaraja matatu ndani ya bati moja. Mbele, karibu na dereva, palikuwa na makochi ya ngozi yaliyojazwa sufi, ya Wazungu na wakubwa wa serikali, na ya wafanyabiashara wenye uwezo. Katikati palikuwa na viti vyenye egemeo na mto mwembamba. Kisha palikuwa na reli ya chuma, na nyuma ya reli tulikaa sisi wengine, juu ya mabenchi ya mninga yasiyo na egemeo, tumetazamana magoti kwa magoti na mizigo katikati. Kondakta alituambia tusiwaonee wivu wa mbele. Kunguni walikuwa wameingia kwenye sufi, na mafuta ya taa aliyowapaka kila Ijumaa hayakuwafika.

"Wale wanalipa zaidi ili waumwe zaidi," alisema. "Nyinyi mbao zenu nimezimwagia maji ya moto jana."

Uhuru ulipokuja, tajiri aliona mbali, akaamuru madaraja yafutwe. Kondakta aliifungua reli kwa spana mwenyewe pale stendi, watu wamemzunguka. Akaiinua juu na kusema, "Toka leo makalio yote ya Tanganyika ni sawa." Sikuwa nimewahi kuona watu wanashangilia makalio, lakini tulishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Safari ya kwanza baada ya hapo, mama mmoja mkulima wa Kwihara alikaa kwenye kochi la ngozi mpaka njia panda, akashuka. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mjini, ambaye ndiye alikuwa ametoa ng'ombe wa sherehe, akasogea pale. Kabla ya kukaa alitandaza gazeti. Lilikuwa na picha za sherehe zenyewe. Kondakta alilivuta kutoka chini yake.

"Mzee, kiti hiki nimekipapasa mwenyewe. Gazeti lisome."

"Wewe unanusa viti kila siku, mimi nikitandika gazeti ndiyo imekuwa dhambi?"

Kondakta alinirudia nyuma akiwa amekasirika, akakaa kando yangu. "Mimi nanusa ili nisafishe," aliniambia. "Yeye anatandika ili asimguse yule mama. Au siyo, Maalim?" Nilimwambia kuwa Mungu ndiye anayejua nia. Aliniangalia kama mtu aliyepewa chenji ya bandia.

Baadaye tajiri aliyang'oa yale mabenchi ya pembeni na kuweka viti vyenye mito kila mahali. Moja tu lilibaki, lile refu la nyuma kabisa, kutoka dirisha hadi dirisha. Kondakta ndiye aliyemwomba aliache. Mwisho wa kila safari ya mdogo wake, abiria wakishaondoka, alileta ndoo, akamwaga maji, akasugua kwa jivu na jani la msasa, akamwaga tena, akaacha mlango wa nyuma wazi jua liingie. Alifanya kazi hiyo uso ameugeuza pembeni na karafuu mbili mdomoni. Mara nyingine alikimbilia nyuma ya basi, nikamsikia anatapika. Kisha alirudi kumalizia. Benchi lile likawa jeupe kama ubao wa kufundishia, na hakuna abiria aliyekaa hapo kesho yake akalalamika.

Kisha likaja Azimio, na baada ya muda basi la tajiri likachoka, na ushirika wetu ukanunua jipya. Lilikuwa zuri, siwezi kulinyima sifa. Viti vyote vilitazama mbele, vitatu upande huu na viwili upande ule, sponji nene ndani na reksini ya buluu juu. Hakuna aliyemtazama mwenzake magotini tena. Nyuma kabisa palikuwa pamebaki nafasi, na Kondakta, ambaye ushirika ulimchukua pamoja na kazi yake, aliomba lile benchi la mninga lifungwe hapo.

Jambo hilo lililetwa kwenye mkutano wa wanachama. Nilikuwapo. Meneja wa ushirika, kijana msomi mwenye kusema vizuri, alisimama.

"Ndugu zangu, benchi la mbao la nyuma lilikuwa la nani zamani?"

"Letu," watu wakajibu.

"Tumekaa pale miaka mingapi? Leo tuna basi letu wenyewe, na ndugu Kondakta anataka kuturudisha juu ya mbao. Aeleze, kwa faida ya nani?"

Watu wote waligeuka kumtazama. Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba ninalijua. Aliniangalia mara moja, kwa jicho lililonikataza. Pale ukumbini alikuwapo mume aliyemrudisha mdogo wake. Alikuwapo yule bwana wa koti. Kondakta akajikohoza.

"Mbao inakubali maji," alisema. "Sponji inameza."

"Basi abiria wasimwage maji," akasema Meneja, na ukumbi ukacheka, na mikono ikainuliwa. Benchi likakataliwa, na ile nafasi ya nyuma ikajazwa viti. Namna ya watu kucheka wasichokijua nimeiona mara nyingi maishani, na kila nikiiona hutoka nje kutema mate.

Usiku ule ule sikwenda kwake. Nilikwenda kesho yake baada ya alasiri, nikamkuta amelikalia benchi barazani.

"Niache nikaseme na Meneja peke yake," nilimwambia. "Ni mtu mwenye akili."

"Maalim, ukimwambia Meneja utakuwa umemvua nguo mdogo wangu katikati ya soko. Meneja ana mke, mke ana majirani. Niache na mbao zangu."

Alichofanya ni hiki. Siku ambayo mdogo wake ameitwa hospitali, Kondakta aliamka kabla ya wengine, akafungua bolti za viti vya mwisho, akavificha chumba cha stoo pale stendi, na kulifunga benchi mahali pake. Jioni aliliosha, akalishusha na kurudisha viti. Aliwaambia abiria kwamba reksini inashonwa. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda, mpaka Meneja alipopanda bila taarifa, akavikuta viti vya ushirika stoo vimelazwa kama mizoga. Ilikuwa miaka ambayo neno hujuma lilikuwa midomoni mwa watu wote. Kondakta aliulizwa kwa nini. Akasema alikuwa anapenda mbao. Wakamwachisha kazi siku hiyo hiyo.

Na vile viti vya sponji ambavyo alifukuzwa kwa ajili yake, je, vilitunzwa? Sabuni na dodoki za dukani zilikuwa zimeadimika, watu wakagundua kwamba sponji inasugua sufuria vizuri. Wakaanza kuchana reksini kwa wembe na kunyofoa. Walinyofoa mbele na nyuma, wake kwa waume, mpaka mtu akikaa alihisi vyuma. Mchana mmoja nilikaribishwa chai katika nyumba ya watu wa heshima Nzega. Mama mwenye nyumba alikuwa anaosha vikombe uani mbele yangu, na mkononi ameshika donge la manjano lenye kipande cha reksini ya buluu kimening'inia. Nilikitambua kiti. Jasho la miaka, matapishi, kuku, makalio yote ya Tanganyika yaliyo sawa, vilikuwa vinazungushwa ndani ya kikombe changu. Akanimiminia chai, akanisogezea kwa mikono miwili. Nilikunywa. Sikutaka kumwaibisha, na namshukuru Mungu aliyenipa tumbo la subira, lakini mpaka leo nikiona rangi ile ya buluu naweka kikombe chini.

Nilipomsimulia Kondakta, hakucheka kama nilivyotarajia.

"Hao ndio wanaoziba pua kwa mdogo wangu," alisema.

Dini yake ilikuwa ya mtu wa kazi, maswali machache na yote ya kweli. Jioni hiyo hiyo aliniuliza, "Maalim, sponji inatwahirika?" Nilimjibu kuwa najisi ikimwagiwa maji mpaka rangi na harufu yake vikaondoka, kitu kimetwahirika. Alifikiri. "Na mtu?"

"Mtu yupi?"

Akaonyesha uani kwa kidevu. Nikamweleza kwamba mwenye ugonjwa kama ule ana ruhusa yake katika sheria. Wakati wa sala ukiingia ajisafishe, ajifunge kitambaa, achukue udhu, aswali, na kinachomtoka bila hiari yake baada ya hapo hakimharibii kitu.

Alisimama, akakaa tena.

"Ina maana miaka yote hii alikuwa anaweza kuswali?"

"Alikuwa anaweza."

"Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, utasimamaje mbele ya Mungu unanuka hivyo." Akaitema karafuu yake chini, akaitazama. "Pua yangu, Maalim. Nilidhani Mungu naye anayo."

Alfajiri iliyofuata nilisikia kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ya mwanamke inasoma Alhamdu, polepole, kama mtu anayepita njia ambayo nyasi zimeota. Nimesikia wasomaji wengi wa Kurani katika umri wangu. Ile sijaisahau.

Baada ya kuachishwa kazi, alikuwa anampeleka hospitali kwa malori ya pamba, wamekaa juu ya marobota, yeye upande wa upepo unakotoka. Daktari mgeni alikuja, akamshona, haikushika. Akaja msimu mwingine. Sikuwaona kwa muda mrefu, kwa kuwa walikuwa wanakaa huko huko kwa jamaa yao.

Nilikutana nao kwa mara ya mwisho ndani ya basi, natoka Nzega kwenye mazishi. Lilikuwa basi lingine tena, viti vyake vimevikwa kitambaa cha manyoya, rangi ya damu ya mzee, na juu yake karatasi za nailoni ambazo hawakuziondoa tangu dukani. Kondakta wa basi hilo alikuwa kijana wa bugaluu, suruali inafagia sakafu. Waliingia kwenye kituo cha karibu na hospitali. Kondakta wangu alikuwa amezeeka mgongo. Mdogo wake alikuwa mbele yake, ushungi umeteremka mabegani, uso wote uko wazi, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba walifanana.

"Shikamoo Maalim," akasema yule mdogo wake.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Imeshika," akajibu, akakaa dirishani kwenye kiti cha manyoya kama watu wote.

Kaka yake alikaa kando yake. Nilimtazama mdomo. Haukuwa unamung'unya karafuu. Njia nzima mdogo wake alikuwa anatazama nje, anamtajia vijiji, naye anaitikia, na mkono wake wa kulia umetulia juu ya goti, umekamatwa na ule wa kushoto.

Tulifika Tabora jua linazama. Watu walisimama wote kwa pamoja, wanasukumana na mabegi. Mdogo wake akainuka, akatoka mbele yake. Na mkono ule ukaponyoka. Niliuona unakwenda, kiganja wazi, kuanzia ukingoni hadi kwenye egemeo, juu ya ile nailoni, kama ulivyokwenda nyuma ya mahakimu na wachuuzi na mimi. Niliuchukia mkono ule kuliko yote niliyokwisha kuyaona ndani ya mabasi.

Mdogo wake alikuwa amegeuka. Alikuwa anamtazama.

"Pakavu, kaka?"

Hakukinusa kiganja. Alikiangalia tu, uso umemwiva kwa aibu. Kisha akajisogeza, akakaa pale pale alipotoka mdogo wake, kwa uzito wake wote, mpaka nailoni ikalia.

Kijana wa bugaluu akapiga bati. "Mzee, tumefika. Hapa ni mwisho."

"Najua," akasema Kondakta. "Niache nikae kidogo."